Jetski ya kusimama kwa ajili ya fristaili: uzito kwanza, nguvu za farasi baadaye

Kila mtu anayetaka kuanza fristaili, yaani kuruka na kupinduka hewani na jetski, huniuliza swali lile lile, "fundi, ipi ina nguvu kuliko zote?", na kila mara namjibu kwamba hapo ameanzia mwisho. Mimi hizi jetski za kusimama nimezipanda na kuzifungua miaka mingi, na wengi niliowaona wakinunua kwa kufuata ukubwa wa injini walikuja kuziuza kabla hata hawajaruka nazo. Fristaili sio mbio. Kwenye mbio unatafuta spidi ya mwisho, huku kwetu kila kitu kinaamuliwa kwenye ile nusu sekunde kati ya kidole kubana mafuta na pua kutoka majini, ikishapita hiyo hata ungekuwa na farasi mia tatu ushachelewa. Kwahiyo kila ntakachosema hapa chini kipime kwa hiyo nusu sekunde.

Uzito na urefu ndo vinabeba kila kitu. SuperJet ya Yamaha ile ya injini ya tustroki, iliyoingia sokoni 1990 ikaendelea mpaka 2020, matoleo ya kuanzia 2008 yana kama kilo 139 na urefu wa mita 2.24. SuperJet mpya ya fo-stroki iliyotoka 2021 imepanda mpaka kama kilo 170 na mita 2.43. SX-R ya Kawasaki iliyorudi 2017 na injini ya cc 1498 ni kilo 250 na mita 2.66. Sasa linganisha na bodi zinazotengenezwa maalum kwa fristaili, za kaboni au kaboni ikichanganywa na fibaglasi, ambazo urefu wake unachezea mita 2 na ushee na uzito mara nyingi unashuka mpaka kilo mia na kitu. SX-R ni mashine nzuri mno, kwa mbio na kwa kukata maji yenye vurugu naipenda kwelikweli, ila ukiniambia unataka kuibinua hewani ntakuomba usinunue.

Na sio uzito wa kwenye mizani peke yake, ni uzito umekaa wapi. Shika bomba refu la chuma katikati ujaribu kulizungusha haraka, afu kata nusu yake ujaribu tena, mkono wako utakuambia tofauti kabla sijakueleza. Bodi fupi haina uzito mwingi kule puani na kule mkiani, ndo maana inageuka hewani kirahisi na inakupa muda wa kumaliza mzunguko kabla maji hayajakupokea. Tena pua ya bodi za fristaili imekunjwa kuelekea juu na tumbo lina upinde, ukibana mafuta tu inainuka yenyewe badala ya kulima maji. Gharama yake ni kwamba ukienda kasi mstari ulionyooka inarukaruka, inachosha magoti, haitaki safari ndefu. Mimi hilo naona ni sawa kabisa, hukuinunua ikupeleke mbali.

Injini sasa. Nashauri tustroki, na nashauri bila kusita. Tustroki inachoma mafuta kila mzunguko mmoja wa krenkshafti, fo-stroki inachoma mara moja kwa mizunguko miwili, kwahiyo kwa ukubwa ule ule tustroki ni nyepesi na inajibu chapchap, na pia haina oili inayokaa chini ya injini, maana sisi tunakaa kichwa chini miguu juu kila dakika mbili na oili ya fo-stroki ikienda isikotakiwa ni shida. Injini ya kiwandani ya SuperJet, ile ya cc 701 silinda mbili, inatosha kabisa kukufundisha mwaka wa kwanza, na kwenye wimbi zuri watu wanapinduka nayo. Injini za kujengwa zinaanzia cc 760, zinaenda 850, zinaenda 1000 na zaidi, na hizo ni tamu, sitadanganya, ila nyingi zinabana mgandamizo mkubwa zinataka petroli ya okteni ya juu na zinataka mtu anayejua kuseti kabureta, la sivyo pistoni inayeyuka mchana kweupe. Nyingi pia zinaondolewa mfumo wa kuchaji betri, flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, inabaki ndogo na nyepesi ili injini ipande resi haraka, maana yake ukirudi nyumbani lazima uchaji betri mwenyewe. Muulize muuzaji hilo mapema, nimeshaona watu wanadhani betri mbovu kumbe ndo ilivyojengwa.

Kitu ambacho wanaoanza hawakiangalii kabisa ni pampu, ile inayovuta maji chini ya bodi na kuyarusha nyuma ili jetski isogee, na hapa ndo ile nusu sekunde inapotea. Ukitua kutoka kwenye mruko maji chini ya bodi yanakuwa povu tupu, pampu inameza hewa, utasikia injini inalia kwa sauti nyembamba na wewe husogei. Kisha ghafla sauti inashuka, inakuwa nzito, na mikono inavutwa, hapo ndo impela, ile feni iliyo ndani ya pampu, imeshika maji. Jetski nzuri ya fristaili ule mlio mwembamba hauchukui muda. Pampu ya SuperJet ya tustroki ni milimita 144, wengi wetu tunapanda kwenye 148 au 155 na kuweka impela yenye mkunjo mdogo, unapoteza spidi ya juu lakini inashika maji mara moja. Ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi kati ya pampu na injini, ntasema pampu, sijawahi kujuta.

Nozeli nayo, ule mdomo wa nyuma maji yanapotokea, usiipite. Za fristaili zinaweza kuelekezwa juu, na watu wanashangaa, maji yakirushwa juu si yanasukuma chini? Ndio, yanasukuma mkia chini, na mkia ukishuka pua inapanda. Ile haraka unayoiona pua inasimama wima kama ukuta sio mikono ya dereva peke yake, ni nozeli.

Halafu jiulize kwa ukweli kabisa, maji utakayopanda siku nyingi ni yapi? Sio ya kwenye video, ya kwako. Kama ni ziwa au maji yaliyotulia, unajitengenezea wimbi mwenyewe, unazamisha pua afu unairudisha juu kama nyambizi, hapo unahitaji bodi fupi kabisa na injini kubwa kwasababu hakuna wa kukusaidia kunyanyuka. Kama una mawimbi ya bahari, wimbi ndo ngazi yako, bodi iwe ndefu kidogo na yenye ujazo ili isizame ukitua vibaya na iweze kukutoa haraka kabla wimbi la pili halijakufikia. Nimemwona kijana mmoja niliyekuwa namfundisha, amenunua bodi fupi kuliko zote na maji yake ni mawimbi makubwa, kila akitua anazama mpaka kifuani, miezi mitatu anapigana nayo. Tukampa ndefu kidogo, siku hiyo hiyo akaanza kutabasamu. Na mwili wako uhesabu pia, mtu wa kilo 100 kwenye bodi iliyochongwa kwa mtu wa kilo 65 atakuwa anakaa ndani ya maji badala ya juu yake.

Mkono wa usukani, ule unaopanda na kushuka, uwe mfupi kiasi na usukani usimame wima zaidi kuliko wa mbio, usije ukainama na kuumia mgongo. Na ukanunue vishikio vya miguu, bila hivyo jetski itapinduka na wewe utabaki.

Kwa wanaonunua iliyotumika, na wengi wetu ndo tunaanzia hapo, nenda na mizani. Sitanii. Jetski yangu ya kwanza ilikuwa kuukuu, msimu mzima pua haikutaka kunyanyuka, nikabadilisha impela, nikabadilisha mkao, nikaamini tatizo ni mimi. Siku nimeitundika kwenye mizani ilikuwa na zaidi ya kilo 20 za ziada. Nikafungua kule mbele, foamu iliyojazwa ndani ya bodi ukiibonyeza kwa kidole maji yanatoka kama sponji. Nilikuwa nabeba ndoo za maji kila siku bila kujua. Tangu siku hiyo sinunui kitu sijakipima.

Baada ya mizani, gonga sehemu ya kusimamia kwa sarafu, hatua kwa hatua, mlio ukibadilika ukawa wa kitu kitupu ujue fibaglasi imeachana. Pima mgandamizo silinda zote mbili, namba yenyewe inategemea injini ila zinatakiwa zilingane, tofauti ikizidi asilimia 10 ongea upya na muuzaji. Chomoa kamba ya kuzimia injini, kisha chungulia impela, kingo ziwe kali na nafasi kati yake na ringi iwe ndogo sana.

Na hiyo kamba ya kuzimia ifunge mkononi kila siku, pamoja na helmeti, jaketi la kujiokolea linalozuia kugongwa, na wetsuti, ile suti ya mpira ya majini, inayofunika makalio na mapaja, kwasababu ukianguka nyuma karibu na nozeli yale maji yanaweza kuingia mwilini kwa nguvu na kuharibu vibaya ndani. Hiyo iko kwenye stika ya onyo pale nyuma na watu hawaisomi.

Mwisho, ukifika kwa muuzaji kabla hajawasha weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto ameshaiwasha kabla hujaja, mwambie utarudi kesho asubuhi, na kesho iwashwe mbele yako ikiwa baridi.