Seli nyekundu za damu: kwa nini mtoto anakula vizuri na bado anaishiwa damu

"Musawo (daktari), huyu mtoto anakula. Mbona damu yake inaisha?" Akina mama hutuletea swali hili maabara mara kwa mara, na wengi huwa wameshamnywesha mtoto juisi ya bitiruti kwa wiki kadhaa. Ni swali la haki kabisa, na jibu lake limo ndani ya seli nyekundu yenyewe.

Ukitandaza tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, utaona visahani vya mviringo vilivyobonyea katikati, pande zote mbili. Upana wa kimoja ni maikromita 7 hadi 8 tu. Huko kubonyea kuna kazi: kunaongeza eneo la kupitishia oksijeni, na kunaiwezesha seli kujikunja ipenye vishipa vyembamba kuliko yenyewe.

Ndani imejaa himoglobini, protini yenye madini ya chuma, ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Seli moja ina molekuli zake kama milioni 270, na kila molekuli hushika molekuli 4 za oksijeni. Inapakia kwenye mapafu, inashusha kwenye misuli na ubongo. Ili mzigo huo upate nafasi, seli hutupa kiini chake kabla ya kutoka kwenye uboho wa mifupa. Jambo hili bado linanishangaza kila ninapolifundisha, kwa sababu bila kiini seli haiwezi kujikarabati wala kuzaana. Baada ya siku 120 hivi huwa imechakaa, wengu na ini huivunja, na chuma chake hutumika tena. Kwa hiyo uboho hutengeneza seli mpya kama milioni 2 kila sekunde, bila kupumzika.

Damu basi hupungua kwa sababu seli hazitengenezwi za kutosha, au zinapotea, kama pale minyoo ya safura inapoinyonya, au zinavunjwa kabla ya wakati. Chakula husaidia zaidi kwenye utengenezaji: maharage, dodo (mchicha), mukene (dagaa), maini. Bitiruti ina chuma kidogo, rangi yake isikudanganye. Malaria huzivunja seli kwa wingi, na mtoto mdogo anaweza kuishiwa damu ndani ya siku chache.

Kisha kuna selimundu. Hapa kosa dogo la kurithi hubadilisha himoglobini. Ikiachia oksijeni, molekuli zake hushikamana na seli hupinda kama mundu, inakuwa ngumu, inakwama kwenye vishipa. Ndiyo maumivu yale ya mifupa, na vidole vya mtoto kuvimba. Seli hizo huishi siku 10 hadi 20 tu. Hakuna mlo unaoweza kufidia kasi hiyo.

Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walikuta jeni yenye kosa hili kwa karibu 45% ya watu wa kabila la Baamba huko Bundibugyo, magharibi mwa Uganda. Uchunguzi wa watoto wachanga nchini, 2014 hadi 2015, ulikuta 13.3% wanaibeba. Imeenea hivyo kwa sababu anayerithi jeni moja tu hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Anayerithi kwa baba na kwa mama ndiye anayeugua.

Mama, vuta kope la chini la mtoto utazame ndani. Pakiwa peupe, au macho yakiwa ya manjano, mpeleke apimwe damu, na uombe kipimo cha selimundu pia. Vidonge vya chuma usimpe kabla ya majibu.