Kabla ya kuuliza msaada uko wapi, hesabu watu wa nyumba yako

Mama aliingia ofisini kwetu Jumanne moja ya Februari, bahasha ya kaki mkononi, pembe zake zimechakaa kwa kubebwa. Aliketi akauliza swali ninaloulizwa karibu kila siku: "Mwanangu, siku hizi kuna msaada gani wa serikali?" Nikamwagizia chai. Kisha nikamuuliza nyumbani wako wangapi, na kila mmoja ana miaka mingapi.

Alinitazama kama mtu aliyeenda kwa daktari na kichwa akaulizwa habari za viatu.

Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii, na kazi yangu kubwa iko Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na mitaa ya karibu nayo. Miaka ya mwanzo nilikuwa nimebandika ukutani orodha ya miradi yote ninayoijua. Mtu akija, namsomea. Anaondoka na majina ya ofisi tatu, anamaliza nauli, anarudi nyumbani mikono mitupu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapa Kenya umaskini peke yake hauna dirisha. Kuna dirisha la mzee, la yatima, la mtu mwenye ulemavu, la mwanafunzi, la mgonjwa. Ukienda useme "sisi ni maskini", utaambiwa pole. Ukienda useme "nina mzee wa miaka 73 ambaye hajasajiliwa", kuna mtu atakayelazimika kufungua faili.

Basi tukahesabu. (Nimebadilisha mambo fulani ili asitambulike.) Nyumba yao ni vyumba viwili vya mabati, watu sita: mama mkwe wake, ambaye watoto humwita shosho, yeye mwenyewe, anayefua nguo za watu South B, mumewe, ambaye hafanyi kazi tangu Juni, binti anayejiunga na sekondari, mvulana wa shule ya msingi, na mtoto wa marehemu dadake.

Tulianza na shosho, kwa sababu mlango wake ndio ulio wazi zaidi. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, ina makundi matatu: wazee, mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, na watu wenye ulemavu mkali. Tangu 2018, kwa upande wa wazee kinachoangaliwa hasa ni umri wa miaka 70 kwenda juu, na kwamba mzee hapokei pensheni. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Najua hazilipi kodi ya chumba na unga, na kiasi hicho kimekaa pale pale huku bei za vitu zikipanda ngazi. Lakini kwa nyumba inayokopa mafuta ya kupikia kwa vipimo vya kikombe, 2,000 zinazokuja bila kufua shuka za mtu si kidogo.

Shida ni kwamba usajili hauko wazi mwaka mzima. Hufunguliwa kwa awamu, na habari hutangazwa kwenye baraza la chifu, baraza ambalo mtu wa kibarua hahudhurii kwa sababu saa hizo yuko kazini. Kwa hiyo nawaambia watu: mtumeni shosho mwenyewe. Yeye ndiye mwenye nafasi, na chifu akishaiona sura yake mara mbili tatu hawezi kusema hamjui. Jina lake liandikwe kwa naibu wa chifu na pia kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Ofisi hii ya pili wengi hawaijui, na ndiyo hasa inayoshughulikia mpango huu.

Halafu kuna mambo madogo yanayoangusha wazee. La kwanza ni mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho. Wazee wengi walikadiriwa umri walipoandikishwa, wakaandikiwa tarehe ya kwanza Januari ya mwaka uliomfaa karani. Mzee anakuambia alikuwa kijana mkubwa wakati wa uhuru, kitambulisho kinasema alizaliwa 1959. Mfumo unasoma kitambulisho, hausikilizi hadithi. Kurekebisha kunawezekana, ila anzeni mapema. La pili ni vidole: mtu aliyelima na kuchota maji maisha yake yote, alama za vidole zimefutika na mashine inamkataa. Hapo usiondoke kimya, omba utambuliwe kwa njia nyingine, na uandikishe mlezi atakayeweza kukuchukulia pesa. La tatu ni laini ya simu. Shosho huyu alikuwa anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu. Jina la laini na jina la kitambulisho yasipolingana, malipo yanakwama na hakuna atakayekupigia kukuambia.

Kosa hilo la laini nimelifanya mimi mwenyewe. Kuna mzee nilimjazia fomu kwa namba ya jirani yake ili "tusichelewe". Tulichelewa miezi saba.

Mtoto wa marehemu ni habari ya karatasi. Ili atambulike kama yatima, panahitajika cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha mzazi. Familia nyingi hapa zina kibali cha mazishi, wakadhani ndicho cheti cha kifo. Sicho. Vyeti hivi viwili hufungua milango mingi kuliko barua yoyote ya mheshimiwa: Inua Jamii ya watoto, basari, hata ufadhili wa masomo wa mashirika. Kama una mtoto wa ndugu nyumbani na huna vyeti vyake, hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi huu, kabla ya fomu nyingine yoyote.

Kuhusu karo, mama alikuwa ameomba basari mahali pamoja na kunyimwa, akakata tamaa. Basari si moja. Kuna ya Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, NG-CDF, iliyo katika ofisi ya eneobunge. Kuna ya kaunti, inayopitia wodi. Kuna ya NGAAF, mfuko wa serikali kuu kwa makundi yaliyoachwa nyuma, iliyo upande wa mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Nairobi ina maeneobunge 17 na wodi 85, na kila ofisi ina tarehe zake, kwa hiyo usingoje tangazo la redio. Nenda ukaulize. Omba kote unakostahili, maana kila moja hutoa kidogo na pesa huenda moja kwa moja shuleni, si kwako. Fomu zinafanana: nakala ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya mwisho, barua ya karo yenye muhuri wa shule, sahihi ya chifu. Piga nakala tano za kila kitu siku moja kwenye saiba ile ile, uziweke kwenye bahasha. Sahihi ya chifu ni ya bure. Ukiambiwa utoe "ya kalamu", uliza risiti kwa upole. Kalamu hupona haraka.

Nikamkumbusha pia kwamba shule ya kutwa ya serikali si sawa na bweni. Serikali hupangia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka za masomo. Mzazi hubaki na sare, chakula na vinginevyo, ambavyo navyo si mzaha. Binti yake aliitwa shule ya bweni yenye jina. Mimi husema waziwazi, hata kama huwaudhi wazazi: kama hakuna ufadhili kamili mkononi, bweni la mkopo humrudisha mtoto nyumbani mwezi wa pili. Ufadhili kamili upo, kama Wings to Fly wa wakfu wa Equity ulioanza 2010, lakini wanaoutafuta ni wengi mno, na alama nzuri lazima ziandamane na uhitaji unaothibitika. Yule mdogo wa msingi alikuwa tayari anakula Dishi na Kaunti, chakula cha mchana cha shilingi 5 kilichoanzishwa 2023 katika shule za umma za Nairobi. Kwa nyumba hii ndio mpango pekee uliokuwa umewafikia bila wao kuutafuta.

Afya nitaigusa kwa haraka. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF ya zamani. Kujisajili ni kwa *147# na hakuna malipo. Watu wengi hawajisajili kwa sababu wanaogopa mchango wa mwaka mzima, ambao kwa asiye na mshahara ni asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa kwa maswali, na hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Lakini zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi, na kinachohitajika hapo ni kuwa umejisajili, hata kama hujachangia. Yale maswali ya kupima uwezo yajibiwe kwa ukweli. Nimeona mtu akijibu kwa majivuno kwamba nyumba yake ni ya mawe, halafu akashangaa kiasi alichoandikiwa. Na mgonjwa akilazwa hospitali ya umma, mtafute afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya pili, si siku ya kuruhusiwa. Msamaha wa bili huandaliwa mapema, kwa mazungumzo na kutembelewa, haupatikani kwa kulia dirishani pa keshia.

Kuna msaada mwingine uliojificha kwenye stima. Anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu kuliko wengine. Ila katika ploti zetu nyumba nane hutumia mita moja, zikijumlishwa zinavuka 30 hata 100, na kila mmoja analipa bei ya mwenye friji na kikanza maji. Maskini anamfadhili maskini mwenzake kulipa kama tajiri. Ukiweza kumshawishi mwenye nyumba aruhusu mita yako, utaona tofauti kwenye tokeni.

Mama aliniuliza kuhusu Hustler Fund. Nikamwambia ule ni mkopo wa serikali. Ulizinduliwa Novemba 2022, unapatikana kwa *254#, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, nao hurudishwa ndani ya siku 14. Ni nafuu kuliko programu nyingi za mikopo ya simu, na kwa mama mboga anayezungusha mtaji unaweza kufaa. Kwa mtu anayetaka kulipa kodi ya nyumba, ni kuhamisha tatizo wiki mbili mbele. Kama una chama kilichosajiliwa, ulizeni Uwezo Fund katika eneobunge lenu: hukopesha vikundi bila riba. Na ule ujumbe wa "umechaguliwa kupokea ruzuku, tuma 350 za usajili", ufute. Hakuna mpango wa kweli kati ya hii niliyoitaja unaokutoza ili uandikwe.

Jina likikataliwa je? Andika barua. Si lazima iwe ya wakili: jina, namba ya kitambulisho, tarehe uliyoandikishwa, unachouliza. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na wasipojibu, unaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nimeona faili iliyolala mwaka mzima ikiamka kwa sababu ya muhuri tu.

Tulikuwa tumefika mwisho wa bahasha, chai imepoa, nikamuuliza kuhusu mumewe. "Huyo aliumia tu," akasema. Aliumia wapi? Mjengoni, alianguka na ngazi ghorofa ya pili, akavunjika nyonga. Aliyemwajiri alimtumia shilingi elfu tatu za dawa, kisha simu ikawa haishikwi.

Mama alikuwa amekuja kutafuta msaada. Hili halikuwa msaada, ni deni. Sheria ya fidia ya ajali kazini, WIBA, ni ya 2007, na mtu wa mjengo anayelipwa kwa siku naye inamlinda. Madai hupelekwa katika ofisi ya Usalama na Afya Kazini, na muda wake ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Tulihesabu kwa vidole: Juni, Julai, Agosti, mpaka Februari. Imebaki minne. Kama nyonga haitapona vizuri, kuna pia kupimwa hospitalini ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lakini hilo lingeweza kusubiri. Fidia isingesubiri.

"Lakini hakuandikiwa barua ya kazi," akasema mama. "Watasema hawamjui."

Nikamuuliza mshahara alikuwa anaupokea vipi. Kwa simu, akasema, kila Jumamosi jioni. Akatoa kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya mumewe mfukoni, kioo kina ufa, betri imefungwa kwa raba. Jumbe za M-Pesa zilikuwa bado humo, za jina lile lile, wiki kumi na nne mfululizo, ya mwisho ikiwa ya siku mbili kabla ya ajali. Tukachomeka chaja, nikachukua kalamu, akaanza kunisomea moja moja.