Sufuria pana mara mbili, mkate mara ngapi?

Wengi wetu, Unguja na Pemba, tunaamini kuwa sufuria yenye upana maradufu hutoa mkate wa kumimina maradufu. Ikifika Ramadhani, mteja huagiza mkate mpana mara mbili, bei nayo ikazidishwa mara mbili tu, na mpishi akaambulia hasara. Imani yenyewe inaeleweka: jicho hupima upana, halipimi eneo.

Nusukipenyo ni umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Eneo hupatikana kwa kuzidisha nusukipenyo kwa nusukipenyo, kisha kwa 3.14. Sufuria yenye upana wa sentimita 20 ina nusukipenyo cha 10, na eneo la sentimita za mraba 314. Ya upana wa 40 ina 1,256. Ni mara nne! Kwa hiyo, unene ukiwa uleule, mchele, tui na iliki navyo ni mara nne. Ukitaka mara mbili tu, sufuria ya sentimita 28 inakaribia kabisa.

Kuhakikisha hakuhitaji kalamu. Tia maji kwenye sufuria ndogo hadi pingili moja ya kidole, yamimine kwenye kubwa, urudie mpaka nayo ifike pingili. Utamimina mara nne. Ila chagua sufuria zenye kuta zilizosimama wima. Zinazopanuka juu zitakupotosha.