Historia ya /etc ibaki kwenye kila mashine

Ukisimamia seva kadhaa za Linux, swali moja halikuachi: nani kaigusa faili hii, na lini? Mipangilio ya mfumo hukaa ndani ya /etc, na wanaoifikia ni wengi: wewe, mwenzako wa zamu, hata apt, kisakinishi cha programu, inaposasisha vifurushi.

Wengi hukimbilia `git init` humo humo, yaani kuanzisha hifadhi ya Git, programu ya kutunza historia ya faili. Tatizo ni kwamba Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, haitunzi jina la mwenye faili. Kwenye ruhusa hukumbuka jambo moja tu: kama faili inaweza kuendeshwa au la. Ukiirudisha /etc/shadow kutoka humo, huenda ikasomwa na kila mtumiaji wa mashine, nayo ndiyo yenye nywila zilizofumbwa.

Ndiyo maana naitumia etckeeper, kazi ya Joey Hess. Hurekodi wenye faili na ruhusa zao, tena imefungamana na apt: kabla ya usakinishaji huhifadhi mabadiliko yako yaliyokuwa yakining'inia, na baada yake huhifadhi yaliyoletwa na vifurushi. Ukiandika `etckeeper vcs log` unaona lipi lako na lipi la apt. Kwangu hilo tu latosha kuisakinisha siku seva inapozaliwa.

Ila usitamani /etc moja kwa mashine zote. Fstab, orodha ya diski za kupachikwa, hutaja diski kwa UUID zake (vitambulisho vya kipekee), machine-id, kitambulisho cha mashine yenyewe, haipaswi kufanana popote, na funguo za siri za SSH, njia salama ya kuingia mashine ukiwa mbali, zimo humo. (Wanaoipandisha hifadhi hiyo GitHub hadharani, sina la kuwaambia.)

Faili zinazopaswa kufanana, mfano sshd_config (mipangilio ya seva ya SSH), ziweke kwenye hifadhi ya pembeni, kisha Ansible, programu ya kusimamia mashine nyingi kwa pamoja, izisambaze kupitia SSH. Panapotofautiana, kiolezo cha Jinja2 hujaza anwani ya kila mashine. Unapoiendesha Ansible, tanguliza `--check --diff` uone mistari itakayobadilika kabla haijaguswa. Puppet, chombo kingine cha kazi hiyo, nayo hufaa, wakala wake kwenye kila mashine kwa kawaida huulizia maagizo kila dakika 30, lakini kwa seva chache naiona mzigo.

Bado kuna mwanya: mtu akihariri kwa mkono mchana, Ansible ikapita jioni, kazi yake inafutika bila kumbukumbu. Kazi ya kwanza kwenye playbook yangu (orodha ya kazi za Ansible) huwa hii:

`if etckeeper unclean; then etckeeper commit "kabla ya Ansible"; fi`

Hilo sharti la `unclean`, linaloangalia kama kuna badiliko lisilohifadhiwa, usiliondoe; pasipo badiliko, `commit` hurudisha kosa na Ansible husimama hapo hapo.