Mgonjwa Anayemfariji Anayemuuguza

Wengi wakisikia jina la Edvard Munch, mchoraji wa Norway, wanakumbuka ile picha ya mtu aliyejishika mashavu akipiga ukelele. Mimi nafundisha uchoraji, na wanafunzi wakiniuliza huzuni inachorwaje, nawaonyesha Mtoto Mgonjwa, picha aliyoikamilisha mwaka 1886.

Binti mwenye nywele nyekundu ameegemea mto mkubwa mweupe. Kando yake ameketi mwanamke wa makamo, nguo nyeusi, kainama hadi uso hauonekani. Kuna chupa ya dawa, kuna glasi, basi. Kila darasa linaanza kwa kumhurumia binti. Nawaambia watazame tena. Binti ametulia, macho yameelekea kwenye pazia zito, usoni hana hofu. Aliyevunjika ni mtu mzima. Aliyewahi kuuguza anaijua hali hiyo: mgonjwa ndiye anakuuliza kama umekula, nawe unajifanya unanyoosha shuka asije akayaona machozi yako.

Munch hakuhadithiwa. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1868, yeye akiwa na miaka 5. Mwaka 1877 ugonjwa huohuo ukamchukua dada yake Sophie, miaka 15. Baba yao alikuwa daktari, lakini daktari wa wakati ule angefanya nini? Bakteria wa TB walikuja kugunduliwa 1882, na dawa ya kuwaua ikapatikana miaka ya 1940. Aliyewalea watoto ni mama yao mdogo, Karen, na ndiye aliyekuja kuketishwa achorwe kama yule mwanamke aliyeinama. Yaani alirudishwa kwenye msiba wa nyumbani kwake. Mimi nisingethubutu kumwomba mtu jambo hilo.

Tuje kwenye rangi, maana kazi yenyewe iko huko. Munch alipaka, akakwangua, akapaka tena, akakwangua tena. Michirizi imepita kila upande, mingine kama imeparurwa kwa mpini wa brashi. Aliandika mwenyewe kwamba wakati anatazama aliziona hata kope za macho yake mwenyewe, akaziweka kwenye picha kama vivuli. Ndiyo maana unahisi unamwona binti kupitia macho yaliyolowa. Halafu angalia mikono ya hao wawili, katikati kabisa. Vidole huvipati, ni bonge la rangi lisiloonyesha mkono wa nani unaishia wapi. Mwanafunzi akiniletea mkono wa namna hiyo namrudishia, ila hapa ungechorwa vizuri picha ingekufa.

Ilipotundikwa Kristiania, ambayo leo ni Oslo, mwaka 1886, watu waliicheka, wahakiki wakasema haijamalizika. Munch akairudia mpaka zikafika sita, katika muda wa miaka 40 hivi. Ya mwaka 1907, iliyopo kwenye jumba la sanaa la Tate jijini London, ina kijani na nyekundu zinazowaka, na wapo wanaoipenda zaidi. Mimi naona pale mkono umeshazoea. Ile ya kwanza bado alikuwa anagombana nayo.