Kwa nini chumvi ikibanwa sana hubadili kanuni yake?

Kanuni ya chumvi ya mezani ni NaCl: sodiamu moja, klorini moja. Sodiamu ina elektroni moja ya nje isiyoshikika sana, klorini ina pengo la elektroni moja, basi zinakamilishana. Ukiandika NaCl₃ kwenye mtihani, unakosa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hiyo ni sheria isiyovunjika popote. Mgandamizo nao nilidhani kazi yake ni kubana tu: godoro ukilikandamiza hupungua unene, lakini hubaki godoro. Mawazo yote mawili yalikuwa makosa, na chanzo chake ni kimoja. Kanuni ile ilitokana na vitu vilivyopimwa hapa juu ya ardhi, chini ya uzito wa hewa tunayovuta. Lakini mata nyingi ya sayari imo ndani, si juu. Katikati ya Dunia mgandamizo ni kama mara milioni 3.6 ya huu wetu, na hakuna aliyeahidi kwamba kemia ya huko itafuata daftari la darasani.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha kazi ya Weiwei Zhang, Artem Oganov, Alexander Goncharov na wenzao. Walianza na kompyuta, wakatafuta mipangilio ya sodiamu na klorini yenye kudumu chini ya mgandamizo mkubwa. Zikatoka Na₃Cl, Na₂Cl, Na₃Cl₂, NaCl₃ na NaCl₇. Kisha wakaingia maabara: chembe ya chumvi, pamoja na klorini au sodiamu ya ziada, ikabanwa kati ya ncha za almasi mbili hadi zaidi ya gigapaskali 55 (gigapaskali moja ni kama mara elfu kumi ya mgandamizo wa hewa yetu), ikapashwa moto kwa leza. Kwa kulinganisha, maji yaliyo chini kabisa ya Mfereji wa Mariana, bonde la bahari lenye kina kuliko yote, hubana kwa gigapaskali 0.1 hivi. NaCl₃ na Na₃Cl zikapatikana kweli. Zile nyingine tatu, katika taarifa hiyo, zilibaki za hesabu tu, na si vizuri kuzihesabu pamoja na zilizoonekana.

Inawezekanaje? Fikiria makazi. Kijijini ardhi ni tele. Mtu hujenga karibu na anayeelewana naye, jiko kando, uwanja mpana. Sasa mhamishie Kariakoo, ambako hata kona ya chumba inalipiwa. Watu ambao kijijini wasingekaa pamoja wanapanga chumba kimoja. Mapenzi na chuki zao ni zile zile, ila kodi imepanda hadi ikazizidi nguvu.

Atomu nazo zina bili mbili. Moja ni nishati ya vifungo, yaani nani ameshikana na nani. Nyingine ni kodi ya nafasi: mgandamizo mara ujazo. Mpangilio wenye jumla ndogo ndio hudumu. Hapa kwetu kodi hiyo ni ndogo mno, hata tunaisahau kabisa. Lakini kwenye gigapaskali 100, atomu inayochukua angstromu za ujazo 10 (angstromu ni kipimo kidogo cha urefu, cha ukubwa wa atomu) hulipa kama elektronivolti 6 (kipimo cha nishati ya atomu), kiasi kinachozidi nguvu ya vifungo vingi vya kemia. Hapo hushinda mpangilio unaobanana vizuri, hata ukiwa na klorini tatu kwa sodiamu moja.

Mfano wa chumba una mpaka wake, kwa sababu wapangaji hawabadiliki lakini elektroni hubadilika. Na₃Cl ina tabaka za chumvi zinazopishana na tabaka za sodiamu, na kwa hesabu zao inapaswa kupitisha umeme kama metali. Sodiamu yenyewe, ikibanwa hadi gigapaskali 200 hivi, huacha kuwa metali ing'aayo na kuruhusu mwanga upenye, kama ilivyoripotiwa mwaka 2009.

Linalonivutia kuliko yote ni la 2017. Heli, gesi ambayo kwa kawaida haiungani na chochote, ilionekana ndani ya msombo Na₂He, unaodumu juu ya gigapaskali 113. Heli haimpi jirani elektroni wala haichukui. Imekaa tu katika nafasi yake, na kwenye mianya iliyobaki kati ya atomu za sodiamu zimejificha elektroni, mbili mbili, zisizo za atomu yoyote.