Eti simu imeua maktaba

Kila nikisema naelekea maktaba, hakosekani wa kuniuliza, "Kwani hizo bado ziko?" Ziko. Kisumu iko, Nakuru iko, Kakamega iko, na msimu wa mitihani ukichelewa asubuhi utakosa kiti. Nimechoka kujibu njiani, nikajibu hapa madai yao, moja baada ya jingine.

"Kila kitu kiko kwenye intaneti, na kila mtu ana simu."

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wa miaka 3 kwenda juu waliokuwa wakitumia intaneti, ikapata asilimia 22.6. Waliotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4. Tangu hapo wameongezeka, ndiyo. Lakini mwenye simu hana bando kila siku, na mwenye bando huenda hana pa kusomea. Mtoto wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, anayelala chumba kimoja na wadogo zake watatu, redio ya jirani ikivuma ukutani, anahitaji meza, taa na utulivu. Hivyo havipakuliwi.

Tena huduma za serikali zimehamia mtandaoni, na hapo ndipo maktaba imepata kazi mpya. Siku moja niliketi karibu na mama aliyekuja na stakabadhi zake kwenye bahasha ya kaki. Saiba moja, duka la intaneti ya kulipia, ilikuwa imemfungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa baruapepe ya mhudumu. Mhudumu akaacha kazi, akaondoka na neno la siri. Mama alikuwa amelipa mara mbili na bado hawezi kuingia. Mkutubi, kijana mpole, alivuta kiti, akamfungulia baruapepe yake mwenyewe, kisha akamsogezea kalamu ili neno la siri aliandike kwa mkono wake.

"Hili ni lako, mama. Usimpe mtu, hata mimi."

"Asante, mwanangu," akasema, akaikunja karatasi mara nne na kuifunga kwenye pindo la leso. Hakulipa hata shilingi kwa saa ile nzima. Programu gani ya simu ingemfanyia hivyo?

"Vitabu vya dijitali ni rahisi, havichakai."

Dhana hii inaniuma kuliko zote, maana hata wapanga bajeti wanaiamini. Mara nyingi maktaba hainunui kitabu cha dijitali. Inanunua leseni, na leseni ina mwisho. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziwekea maktaba kikomo cha kuazimisha kila nakala ya dijitali mara 26. Baada ya hapo nakala inafungwa mpaka ilipiwe upya. Kitabu cha karatasi kikinunuliwa ni mali ya maktaba mpaka kurasa zidondoke, na hata zikidondoka, gundi kidogo na uzi, kinarudi rafuni. Naunga mkono vitabu vya dijitali, lakini anayeahidi kwamba vitapunguza gharama atuonyeshe kwanza masharti ya leseni.

"Maktaba zetu haziwezi kubadilika."

Garissa vitabu vilianza kubebwa na ngamia mwaka 1996, kuwafuata wafugaji waliko. Huku magharibi mwa Kenya, shirika la Worldreader na huduma ya maktaba ya taifa walileta visomaji vya kielektroniki rafuni, na watoto wakavizoea upesi kuliko sisi.

"Lawama ni ya serikali kuu, Nairobi."

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Paa likivuja au mtandao ukikatika wiki nzima, mwakilishi wadi wako ana swali la kujibu. Sheria inataka makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa watu wa barabara, wa maji na wa soko. Mara ya mwisho nilipohudhuria, aliyetaja maktaba alikuwa mwanafunzi mmoja wa sekondari. Aliuliza kwa nini zinafungwa saa ambayo yeye ndiyo kwanza anatoka shuleni.